Mahamri Juu ya Jeneza

Wiki jana nilimwacha Nasreen angani, na habari nilizoletewa ni kwamba wako wasomaji walionuna mpaka leo. Kunjueni nyuso. Tunarudi kule juu sasa hivi, kabla mafuta hayajaisha.

Kwako wewe uliyechukua gazeti hili kwa nia ya kufungia vitumbua tu, mambo yako hivi. Mzee Arvid Halvorson, mwalimu wa urubani, amefariki kwa uzee, kitandani kwake, jambo ambalo kwa rubani ni ushindi. Ameacha wasia azikwe kama walivyozikwa marubani wa enzi zile ndege zilipokuwa mbao na kitambaa. Kaburini, badala ya jiwe, isimame rafadha, yaani lile panga la mbao linalozunguka mbele ya ndege. Na jeneza likiwa bado linangoja kushushwa, ndege ya mabawa mawili yaliyopandana ipite chini chini na kumwaga maua. Wa kuirusha awe mwanafunzi wake wa mwisho.

Mwanafunzi huyo ni Nasreen, binti wa Mahfudh mpishi, wa Burnsville. Wikendi anapomwambia baba yake kwamba yuko kazini hospitalini Maplewood, huwa yuko huku nje ya Maple Grove, kwenye kiwanja kidogo cha nyasi, anajifunza kuruka. Leseni anayo. Ruhusa ya baba ndiyo hana.

Na baba mwenyewe, asiyejua hili wala lile, yuko pale chini makaburini. Amekuja na pilau.

Mbele ya Nasreen, kwenye kiti cha abiria, kaketi Eliezer, fundi wa ndege aliyetokea Bukavu, amekumbatia mfuko wa maua. Ndege haina paa, upepo unapiga usoni. Eliezer akafungua zipu ya mfuko, akachungulia, akapiga ukelele. Hapo ndipo nilipowaacha.

"Nini?" Nasreen aliuliza kwenye maikrofoni ya kofia yake.

"Dada, hii haiko maua!"

"Kama si maua ni nini?"

"Ni beignets! Ile ya papa yako!"

"Mahamri?"

"Mahamri!"

Lawama zote ziuendee mchele wa basmati. Nyumba gani ya Waswahili huku Minnesota haina ile mifuko yake, yenye zipu na vishikio? Mchele ukiisha, mfuko hautupwi. Hubeba nguo za kufua, viatu vya watoto, na zawadi za Mombasa. Nasreen alichambua maua akayatia katika mmoja. Mahfudh akapanga mahamri yake katika mwingine. Asubuhi ile mifuko yote miwili ikawekwa kwenye meza moja, ndani ya banda la ndege, ambako watu wangekula baada ya maziko. Eliezer akapitisha mkono, akachukua mmoja bila kutazama ndani.

"Kwani hukuhisi uzito?"

"Nilisikia! Nikasema, maua ya Amerika iko nzito!"

"Na harufu ya iliki?"

"Dada, niko na mafua tangu juzi!"

"Funga zipu! Usimwage!"

"Simwagi! Inajimwaga!"

Na kweli yalikuwa yanajimwaga. Upepo ulikuwa umeingiza mkono ndani ya mfuko, na mahamri yakaanza kutoka moja moja, kisha kwa makundi, yakielekea chini kwa marehemu.

* * *

La kwanza lilitua juu ya jeneza, pu.

La pili likaangukia kofia ya mchungaji. La tatu likaingia kwenye tarumbeta ya mpigaji aliyekuwa anajiandaa kupuliza. Mengine yakanyesha kwenye majani mekundu ya miti ya maple iliyozunguka makaburi, na juu ya mabega ya watu waliovaa makoti yao mazuri.

Jamani, watu wa Minnesota wana adabu. Kwingineko watu wangekimbia, au wangeshtakiana. Hawa walitazamana, wakamtazama Mahfudh aliyesimama na kofia yake ya kiua, wakafikiri kidogo, na wote kwa pamoja wakafikia uamuzi kwamba hii ni mila.

Bi Solveig, mjane wa marehemu, alikwenda kwenye jeneza, akaokota lile hamri, akalipangusa, akaling'ata. Akatafuna polepole huku machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka vilevile.

"Arvid angeyapenda haya," alisema.

Basi. Marubani wazee wa klabu wakavua kofia, wakainama, wakaokota, wakatafuna kwa heshima. Mchungaji akalitoa la kofiani, akalitazama kana kwamba anatafuta aya inayolihusu, akala.

"Amina," akasema.

"Amina," wakaitikia, vinywa vimejaa.

Mtu mmoja tu hakula. Mahfudh alikuwa ameliokota hamri lililoanguka karibu na kiatu chake, analigeuza mkononi. Pembe tatu. Limevimba vizuri. Akalinusa.

"Hii iliki yangu," alinong'ona. "Na nazi yangu. Ala! N'nani huyu alopanda mbinguni na mahamri yangu?"

Akakinga jua kwa kiganja, akatazama juu.

* * *

Juu hali ilikuwa imebadilika.

Hamri la mwisho lilipotoka, mfuko ukawa mtupu, na mfuko mtupu kwenye upepo ule ni tanga. Eliezer aliushika kwa mkono mmoja. Ukamvuta. Kiwiko chake kikagonga ukingo wa kiti kwa nguvu, vidole vikafunguka, na mfuko ukaruka juu ya kichwa cha Nasreen, ukaenda nyuma, ukapotea.

"Pole, dada! Sac imekwenda!"

"Acha iende, tutanunua mchele mwingine," Nasreen alisema, akabonyeza kanyagio la usukani wa mkia ili ndege igeuke kushoto.

Mguu haukwenda.

Akabonyeza tena. Palikuwa pagumu, kama mlango uliowekewa kiti kwa ndani. Akageuza kichwa. Kule nyuma kabisa, kwenye usukani wa mkia, mfuko wa basmati ulikuwa umejinasa kwa vishikio vyake, unapepea kama bendera ya nchi isiyojulikana.

"Eliezer."

"Ndiyo?"

"Usitazame nyuma."

Eliezer akatazama nyuma. "Mon Dieu," akasema, akaanza kumwimbia Bwana wimbo wa kwaya kwa sauti ndogo.

Nisikufiche, msomaji. Ndege ya namna ile ukiishusha bila usukani wa mkia, ikigusa nyasi tu inaweza kujizungusha kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mzee Arvid alimwambia Nasreen hilo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kumwonya asiivute ndege kwa hasira. Iombe, alikuwa akisema, huku anaipapasa ubavuni ndege yake ya manjano. Nasreen siku zile alikuwa akicheka. Leo hakucheka. Alichokiona mbele ya macho yake hakikuwa ajali. Alimwona baba yake akisimama kando ya ajali.

"Haya, mama," aliiambia ndege. "Nakuomba."

Akaiinamisha bawa moja kidogo. Ikageuka, kwa uvivu, kwa duara kubwa lililopita juu ya mashamba ya soya yaliyokwisha kuvunwa. Kiwanja cha nyasi kilikuwa jirani na makaburi, uzio tu katikati. Eliezer alifika ubeti wa pili.

"Shikilia," Nasreen alisema.

"Minashikilia tangu zamani!"

Chini, Mahfudh alikuwa amekwisha kuuona mfuko.

"Mfuko wangu!" alipiga kelele. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, alielewa ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini, na sauti ikamshuka. "Ya Rabbi. Umeshika mkia."

Wazee wa klabu walikuwa wameelewa pia. Hakuna aliyetafuna tena.

Ndege ikaja. Ikashuka, ikaelea, ikagusa. Ikaruka kidogo, ikagusa tena. Kisha pua ikaanza kukimbilia kulia, mkia ukaja mbele, nyasi zikatimka, bawa la chini likapita juu ya ardhi kwa upana wa kiganja, na ndege nzima ikajizungusha, ikatazama kule ilikotoka, ikasimama.

Injini ikazimwa. Eliezer alisikika akimalizia kiitikio.

"Allahu Akbar!" Mahfudh aliruka, Kiswahili na Kiingereza vikachanganyika. "Rubani huyo! Mwaona rubani huyo? Yule ni mwanamume, wallahi! Nataka kumshika mkono!"

Bi Solveig alikuwa karibu naye. Alifungua mdomo, akaufunga.

* * *

Watu wakamiminika kupitia lango la uzio. Wengi walikimbilia waliokuwa ndani ya ndege. Mahfudh, ambaye kitambi chake kinajulikana Burnsville yote, aliwapita wote, akaufikia mkia, akaunasua mfuko wake, akaukung'uta, akaukunja, akautia kwapani. Ndipo akazunguka ubavuni kumpa mkono yule mwanamume.

Rubani alikuwa anavua kofia ya ngozi. Chini ya kofia palikuwa na ushungi wa samawati. Mahfudh aliununua ushungi ule mwenyewe, zawadi ya Idi.

Mkono wake ukabaki umenyooshwa.

"Assalaam aleikum, baba," alisema Nasreen.

Mahfudh hakuitika, na kutoitikia salamu kwake si jambo dogo.

Niwape kitu ambacho watu wa nyumba ile wanakijua na hawakisemi. Ndege iliyomleta Mahfudh Amerika aliipanda mara moja tu, macho amefumba safari nzima. Bibi yake Nasreen, mama wa Mahfudh, alipofariki Mombasa, Mahfudh alikata tiketi, akafunga sanduku, akafika mpaka mlangoni mwa ndege. Miguu ikakataa. Akarudi maegeshoni akachukua gari. Mama yake akazikwa makaburi ya Kikowani, na watu wote wakatia mateko yao matatu ya udongo kaburini kama ilivyo ada, majirani, wapita njia, hata muuza kahawa. Mtoto wake wa kwanza hakutia. Tangu siku hiyo neno ndege halitajwi nyumbani. Arusi ya Columbus walikwenda kwa gari. Arusi ya Seattle pia, na walifika bibi arusi ameshaanza kugombana na mumewe.

Sasa mnaelewa kwa nini Nasreen alificha.

"Hii ndiyo Maplewood?" Mahfudh aliuliza.

"Baba, nili-plan kukwambia."

"Hii ndiyo overtime?"

"Baba, please. Nisikilize tu kidogo."

"Wagonjwa wako wapi? Sioni kitanda. Naona bomba la moshi na mbawa."

"Nilijua utaogopa."

"Mimi?" Akatazama huku na huku. "N'naogopa nini mimi?" Kisha akauliza kwa Kiingereza, wote wasikie: "Nani mwengine ajua?"

Eliezer, ambaye alikuwa anashuka huku ameshika kiwiko, akainua mkono mzima kama mtoto darasani. Bi Solveig akainua wake. Wazee wa klabu, mmoja mmoja, wakainua yao.

"Na mama," alisema Nasreen kwa sauti ya chini.

"Ruqayya ajua?"

"Ndiye alinishonea mfuko wa hii kofia."

Mahfudh aliketi kwenye gurudumu la ndege. Hakujua kwamba ameketi kwenye ndege. Alitazama kule makaburini, jeneza lilipobaki peke yake na rafadha yake, na alipozungumza hakuwa na ukali tena, jambo lililomwogopesha Nasreen zaidi.

"Mzee wa watu amekufa anajua kwamba mwanangu ni rubani. Mimi n'lo hai sijui."

Nasreen akapiga magoti kwenye nyasi mbele yake. Alilia, na mimi sioni sababu ya kuficha. Alimwambia kwamba alikuwa anataka kumwambia kila Jumapili jioni, kwenye chai, na kila Jumapili alikuwa akimwona anavyozima televisheni likija tangazo la shirika la ndege, na maneno yakawa yanarudi tumboni.

"Nilikuwa nataka siku moja nikupeleke," alisema. "Kwa bibi. Nilidhani ukiwa na mimi mbele, miguu yako haitakataa."

Eliezer alipenga kamasi, na safari hii hayakuwa mafua.

* * *

Bi Solveig ndiye aliyetangulia kusema. Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa asili ya Norway, na huzungumza kwa utaratibu hata nyumba ikiungua.

"Samahani sana, Mahfudh. Nisingependa kukuharakisha," alisema kwa Kiingereza. "Lakini mume wangu bado hajapata maua yake."

Wote wakageuka. Ilikuwa kweli. Jeneza lilikuwa limepata mahamri, baraka, na sehemu ya wimbo wa kwaya. Maua yalikuwa bado yako bandani mezani, katika mfuko wake wa basmati, karibu na sufuria la pilau.

"Tumwagie kwa mkono, mama," alisema mchungaji. "Mungu ataelewa."

"Mungu ndiyo," alijibu Bi Solveig. "Arvid hapana."

"Ndege nimeangalia," Eliezer alisema kutoka mkiani, anapapasa kwa mkono wake mzima. "Usukani inacheza bien. Haikuvunja kitu. Lakini mimi kiwiko imevimba, siwezi kushika hata kijiko."

Rubani mmoja mzee akajitokeza. Akakohoa, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye angeweza kuketi mbele na kumwaga, kama binti yuko tayari kuruka tena.

Nasreen akamtazama baba yake.

"Huruki," alisema Mahfudh.

"Baba, ni wasia."

Aa, hapo alimpata. Ukitaka kumshika mtu wa Pwani mahali asipoweza kuchomoka, mtajie wasia wa maiti. Mahfudh alifumba macho. Alikuja maziko haya kwa mtu asiyemjua, kutoka Burnsville mpaka huku, kwa sababu Eliezer alimtajia dukani kwamba kuna mfiwa, naye akasema jiko la mfiwa haliwashwi, majirani ndio wapishi. Mtu wa namna hiyo atauvunjaje wasia?

"Si lazima uwe wewe," alisema kwa unyonge.

"Mwanafunzi wa mwisho, ndivyo alivyosema. Ni mimi."

"Na huyu mzee ndiye akae nawe?" Akamtazama yule rubani kuanzia viatu mpaka masikio. "Yeye mwenyewe yu njiani."

Kwa bahati rubani hakujua Kiswahili. Akatabasamu.

Mahfudh akasimama. Akavuta pumzi. Akamkabidhi Eliezer ule mfuko mtupu uliokuwa kwapani.

"Kaulete wa maua," alisema. "Na ufungue kwanza, utazame kwa macho. Usinitilie pilau."

"Baba, unafanya nini?"

"Nilisimama pale chini nikakutazama mara moja, nami sikujua kama ni wewe. Mara ya pili, kwa kujua, siwezi. Moyo utapasuka, nizikwe hapa hapa na hili panga lenu." Akaishika ndege ubavuni. "Heri niwe ndani. N'yanyulie mguu."

* * *

Kumpandisha Mahfudh kwenye ndege ile kulikuwa kazi ya kanisa zima. Wawili walisukuma, mmoja alivuta, mchungaji alielekeza. Akiwa amekaa, amefungwa mikanda, na kofia ya ngozi juu ya kofia yake ya kiua ambayo alikataa kuivua, alionekana kama mtungi uliotiwa kwenye kikapu.

"Baba, wanisikia?" Nasreen alisema kwenye maikrofoni.

"Nakusikia. Uko wapi?"

"Nyuma yako."

"Dereva hukaa nyuma?"

"Hii ndiyo hivyo. Sasa, hapo katikati ya magoti yako kuna kijiti. Umekiona?"

"Nakiona. Chafanya nini?"

"Kama changu. Hii ni ndege ya kufundishia, ina viwili, na vimeungana. Usikishike. Chochote kikitokea, baba, usikishike."

"Kwani mimi mtoto? Sikishiki."

Injini ikanguruma. Nyasi zikaanza kukimbia pembeni, na kwenye kofia ya Nasreen ikaja sauti ya baba yake akisoma kila dua aliyowahi kufundishwa chuoni, bila kituo, za safari, za usingizi, za kuingia msalani. Kisha mtikisiko ukaisha. Kukawa laini.

Dua zikakoma.

"Nasreen."

"Naam, baba."

"Tushapanda?"

"Tushapanda. Fumbua macho."

Chini yao majani ya miti ya maple yalikuwa yamewaka mekundu na manjano mpaka mbali, barabara zina magari madogo kama mbegu, na maziwa, yale maziwa ya Minnesota yasiyokwisha, kila moja limebeba kipande chake cha jua.

"Mbona hunambii?" alisema Mahfudh.

"Nini?"

"Kwamba ni pazuri hivi! Mtoto gani wewe, waja huku juu peke yako, warudi nyumbani wala chapati, hunambii?"

Nasreen alicheka mpaka ndege ikayumba kidogo. Alicheka kwa furaha ambayo alikuwa ameifungia kwa muda mrefu, na kila mtu aliyekuwa makaburini aliiona ile ndege ya manjano ikitikisa mabawa.

"Sasa, baba. Makaburi hayo mbele. Nikisema, mwaga."

"Nshaufungua."

"Bado... bado... mwaga!"

Lakini Mahfudh hakumwaga. Alitia mkono mfukoni, akatoa teko la maua, akaliachia kwa adabu, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa kaburi. Akatoa la pili, akaliachia. Akatoa la tatu.

La tatu alilishika. Akalitazama. Halafu akafungua koti lake, akalitia mfuko wa ndani, upande wa moyo, akafunga kifungo. Ndipo akaupindua mfuko mzima, na maua yote yakaenda. Yaliteremka polepole, meupe na mekundu, juu ya jeneza na rafadha na Bi Solveig aliyekuwa amenyoosha mikono yote miwili juu. Tarumbeta, ikiwa imeshatolewa hamri, ikalia vizuri sana.

Safari hii mfuko hakuuachia. Aliukalia.

"Baba, ulitia nini ndani ya koti?"

"Teko moja."

"La nani?"

Sauti ya Mahfudh ilikuwa ya mtu mdogo zaidi yake.

"La mamangu. Sikumtilia udongo. Hili nitampelekea mwenyewe, kwa mkono wangu. Nawe utakaa ubavuni mwangu, unshike mguu usirudi nyuma."

Nasreen macho yalimjaa maji, akaipandisha miwani ya upepo juu ya paji la uso ili ajifute. Mkono mmoja kwenye jicho, mkono mmoja kwenye kijiti.

Na hapo ndipo alipohisi kijiti kinatembea.

Hakukisukuma yeye. Kilikwenda kulia chenyewe, taratibu, kwa uthabiti, na mabawa yakafuata.

"Baba?"

"Naam."

"Umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Baba!"

"Nimeshika hiki kijiti kidogo tu. N'natazama kinavyokwenda. Kitamu!"

"Kiachie! Baba, kiachie sasa hivi!"

"Siachii," alisema Mahfudh mpishi, aliyekimbia mlango wa ndege, aliyepeleka familia nzima Seattle kwa gari. Makaburi yakawapita upande wa kushoto, kiwanja cha nyasi kikabaki nyuma, na pua ya ndege ikawa inatafuta upeo wa mbali. "Nambie kwanza, mwanangu. Mombasa iko upande gani?"